Mchangiaji amelalamikia betri ya sola, muuzaji anamdai mwenye jukwaa: wajibu uko kwa nani?

MsimamiziSola (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa sheria, na mniwie radhi kwa urefu wa maelezo, kwa kuwa nadhani jibu limejificha kwenye mambo madogomadogo.

Kwa miaka kadhaa ninaendesha jukwaa dogo la mtandaoni la watu wanaotumia umeme wa jua nchini: mafundi, wakulima, wenye maduka ya vijijini na wengine waliochoshwa na kukatika kwa umeme. Watu huulizana inveta ipi inaweza kubeba friji, chaji kontrola ipi haiungui upesi, na bidhaa ipi iliwatia hasara. Silipwi na muuzaji yeyote. Gharama za seva zinatoka mfukoni mwangu.

Mwezi Machi mchangiaji mmoja aliandika kuhusu betri ya N200 aliyoinunua katika duka moja la Dar es Salaam, ambalo alilitaja kwa jina na ambalo mimi sitalitaja hapa. Alieleza kwamba betri hiyo ilizimika baada ya saa mbili ikiwa imebeba taa nne na televisheni moja. Akaipeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, ikasoma kilo 31, ilhali betri ya aina ile na ukubwa ule kwa kawaida huzidi kilo 50. Aliweka picha ya mizani, akaweka risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), kisha akamalizia kwa kusema kwamba kwa maoni yake duka hilo haliaminiki na watu wasipeleke fedha zao huko. Majibu yalimiminika. Mengi yalikuwa ya kawaida, lakini mmoja aliandika kwamba mwenye duka ni mwizi wa siku nyingi na aliwahi kufungwa kwa utapeli, na mwingine akaweka namba ya simu ya nyumbani ya mwenye duka pamoja na mtaa anaoishi.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonihusu mimi. Nilipoona uzi unapata wasomaji wengi niliubandika juu kabisa ya ukurasa wa mbele, na kichwa ambacho mchangiaji alikiandika, "Betri yangu ya N200 haikai na chaji", nikakibadilisha kikawa "TAHADHARI: duka linalouza betri feki". Nilidhani ninawasaidia watu.

Wiki iliyopita nimepokea barua ya wakili wa muuzaji. Ndani ya siku 14 ninatakiwa kuufuta uzi wote, kuomba radhi hadharani, kukabidhi majina na namba za simu za wachangiaji wote, na kulipa shilingi milioni 80. Ninauliza: mwenye jukwaa anawajibika kisheria kwa maneno ambayo hakuyaandika yeye? Nikiufuta uzi, je, nitakuwa nimekiri kosa? Na nikikataa kutoa majina ya watu, nitakuwa nimevunja sheria gani?

WakiliKijiweni

Pole sana, ndugu msimamizi. Nitajibu kama mtu aliyesoma sheria, si kama wakili wako, kwa maana sijaiona barua wala uzi wenyewe, na barua inayotaja milioni 80 inastahili kupelekwa kwa wakili atakayeishika mkononi mwake.

Barua imeuchukua uzi wako kama furushi moja, na nahofia nawe umeanza kuutazama hivyohivyo. Ufungue. Ndani yake kuna maneno ya aina nne, na kila aina ina hukumu yake.

Maelezo ya yule mnunuzi kuhusu saa mbili, taa nne na kilo 31 ni madai ya mambo yaliyotokea, nayo yana ushahidi. Ukweli ni utetezi kamili katika kesi ya kashfa ya madai (isiyo ya jinai), na anayeutegemea ndiye mwenye mzigo wa kuuthibitisha. Huyu ameuweka ushahidi wake mezani tangu siku ya kwanza. Sentensi yake ya mwisho, kwamba kwa maoni yake duka haliaminiki, ni maoni. Sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza hulinda maoni ya haki iwapo yamejengwa juu ya mambo ya kweli, yanahusu jambo lenye maslahi kwa umma, na hayakusukumwa na nia mbaya. Bidhaa inayouzwa dukani kwa kila mpita njia ni jambo la umma. Kwa hiyo chapisho lililoanzisha uzi, ambalo bila shaka ndilo lililomuuma zaidi muuzaji, ndilo lenye miguu imara kuliko yote.

Lile la kwamba mwenye duka aliwahi kufungwa ni jambo jingine kabisa. Hayo si maoni. Mtu ama alifungwa au hakufungwa, na aliyeandika hakuweka namba ya kesi wala jina la mahakama. Kama si kweli, hakuna utetezi utakaolisimamisha. Nayo namba ya simu na mtaa wa mtu si suala la kashfa hata kidogo. Ni suala la taarifa binafsi, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inayofanya kazi. Hiyo iondoe leo kabla hujamaliza kunisoma. Mke na watoto wa mwenye duka hawakuuza betri.

La nne ni kichwa cha uzi, na hapo umejiponza mwenyewe. Swali lako ni iwapo unawajibika kwa maneno ambayo hukuyaandika, lakini kichwa kile umekiandika wewe, kwa herufi kubwa, ukakibandika mahali ambapo kila mgeni anakiona kwanza. Tena kinadai zaidi ya kile ambacho mnunuzi wako alikidai. Yeye alisema betri ni nyepesi na haikai na chaji. Wewe ukasema duka linauza feki. Je, unajua kwamba betri ile ni ya bandia? Huenda ni betri halisi ya kampuni fulani yenye uwezo mdogo iliyobandikwa lebo ya uwezo mkubwa. Huenda muuzaji naye alidanganywa na aliyemletea. Kilo 31 zinathibitisha kwamba kuna kasoro. Hazithibitishi ni nani aliyedanganya.

Sasa nirudi kwenye maneno ya watu wengine. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la Byrne dhidi ya Deane. Mashine za kamari zisizo halali ziliondolewa kwenye klabu moja ya gofu baada ya mtu kuwaarifu polisi, na muda si mrefu likaonekana ukutani shairi lililobandikwa na mtu asiyejulikana, likimshutumu mwanachama mmoja kwamba ndiye aliyetoa siri. Wenye klabu hawakuliandika, lakini ukuta ulikuwa wao, waliliona na wakaliacha. Mahakama ilikubali kwamba mwenye ukuta anayeyaona maneno, akiwa na uwezo wa kuyabandua na asifanye hivyo, anaweza kuhesabiwa kuwa naye ameyachapisha. Mdai alishindwa hata hivyo, kwa sababu kumwambia mtu kwamba amewaarifu polisi kuhusu uhalifu si kumkashifu mbele ya watu wema. Sheria yetu ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, iliingiza nchini kanuni za sheria za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo uamuzi wa 1937 hauifungi mahakama yetu, ila husikilizwa kwa uzito wake. Fundisho lake kwako ni hili: kabla ya kuiona barua ulikuwa mwenye ukuta tu, baada ya kuiona, wewe ni mwenye ukuta anayejua kilichobandikwa.

Sheria zetu zilizotungwa na Bunge zinakwenda njia iyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, inasema katika kifungu cha 39 kwamba mtoa huduma halazimiki kufuatilia kila taarifa anayoihifadhi wala kutafuta dalili za uvunjaji wa sheria. Kifungu cha 41 kinampa kinga anayehifadhi maudhui ya watumiaji, kwa masharti ya kuchukua hatua mara moja anapopata amri au anapojua kuna jambo lisilo halali, na kifungu cha 45 kinaweka utaratibu wa arifa ya kuondoa maudhui. Jukwaa lako linaweza kudai kinga hiyo kwa maneno ya wachangiaji. Haliwezi kuidai kwa kichwa ulichokiandika wewe, na wakili wa upande wa pili akiwa makini atasema kwamba kule kubandika uzi juu ya ukurasa ni kuukumbatia.

Usizihesabu siku 14 kama mapumziko. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka muda wa saa 12 wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa, na zile za 2020 zikaubana muda huo hadi saa 2. Kashfa isiyo na ushahidi ukiiacha wiki nzima huku ukijadiliana na nafsi yako, utaulizwa ulikuwa unasubiri nini.

Kuhusu majina ya wachangiaji: usitoe. Barua ya wakili wa mtu binafsi si amri. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinampa polisi mwenye cheo cha mkuu wa kituo uwezo wa kuagiza taarifa zitolewe, lakini ni kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Katika shauri la madai muuzaji anapaswa kwenda mahakamani kuomba amri. Sisemi haya kwa wepesi. Mnakumbuka kwamba Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alifikishwa mahakamani kwa kuzuia upelelezi baada ya kutotoa taarifa za watumiaji walioandika kuhusu kampuni za biashara, na mwaka 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani katika moja ya mashauri hayo. Ikija amri ya polisi, mwone wakili siku hiyohiyo. Ikija barua ya muuzaji, mjibu kwa heshima kwamba unazihifadhi taarifa hizo na utatii amri ya mahakama.

Kufuta si kukiri, mradi uandike vizuri. Eleza kwamba umeondoa maneno fulani kwa tahadhari, bila kukubali dai lolote. Na kabla ya kugusa kitu chochote, hifadhi nakala ya uzi mzima pamoja na tarehe na saa zake, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokelewa mahakamani, na anayefuta bila nakala hujikuta akijitetea kwa kumbukumbu za kichwani.

Zile milioni 80 zisikunyime usingizi. Tarakimu ya kwenye barua si bei. Mahakama ndiyo inayopima fidia, na ili aipate, muuzaji itambidi asimame kizimbani huku betri ikiwa juu ya meza kama kielelezo.

MbebaBoksi

Niko Marekani mwaka wa kumi na mbili sasa, nami nashangaa jinsi tunavyotishana. Huku kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinasema wazi kwamba mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya mtu mwingine. Watu wanaandika maoni makali kuhusu mafundi, madaktari na migahawa, na mwenye tovuti haguswi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California, katika shauri la Hassell dhidi ya Bird, ilikataa kuilazimisha Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, iondoe maoni ya mteja kuhusu wakili mmoja, ingawa mahakama ya chini ilikwisha kusema maoni yale yalikuwa ya kashfa. Na tangu 2016 kuna sheria inayobatilisha mikataba inayomkataza mteja kuandika maoni kuhusu bidhaa aliyoinunua. Ndugu msimamizi, hamishia seva yako huku, usifute hata nukta.

WakiliKijiweni

Ndugu yangu MbebaBoksi, uliyoyasema kuhusu Marekani ni kweli, ila ushauri ulioutoa mwishoni utampoteza mwenzako. Msimamizi anaishi Tanzania, wasomaji wake wako Tanzania na duka liko Dar es Salaam. Seva ikihamia California, yeye bado atapatikana hapahapa kupokea samansi.

Chanzo cha kifungu hicho cha 230, hata hivyo, kinafaa kukumbukwa. Mwaka 1995 mahakama moja ya New York, katika shauri la Stratton Oakmont dhidi ya Prodigy, iliamua kwamba Prodigy, kampuni ya huduma za mtandaoni, ni mchapishaji wa maneno ya watumiaji wake kwa sababu ilikuwa inayachuja. Miaka minne kabla, katika shauri la Cubby dhidi ya CompuServe, kampuni ambayo haikuchuja chochote ilikuwa imepona. Ikawa anayefagia uwanja wake anaadhibiwa na asiyefagia anasamehewa. Bunge la Marekani likatunga kifungu cha 230 ili kuuondoa upuuzi huo. Kwa njia, Stratton Oakmont, iliyolalamika kwamba imekashifiwa kwa kuitwa ya kitapeli, ilifungwa mwaka uliofuata, na mwaka 1999 viongozi wake wakakiri makosa ya ulaghai wa hisa. Aliyeandika mtandaoni hakuwa amekosea sana.

Lakini hata huko Marekani kinga hiyo ni ya maneno ya mtu mwingine. Kichwa cha "TAHADHARI" kingemletea msimamizi taabu Chicago kama kinavyomletea hapa.

MamaLosheni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, nami naomba nisikilizwe.

Ninauza vipodozi Arusha. Miaka miwili iliyopita mtu asiyejulikana aliandika katika kundi moja la mtandaoni kwamba losheni ninayoichanganya ilimchoma mwanaye usoni. Aliweka picha ya mtoto ambayo baadaye binti yangu aliikuta kwenye tovuti ya kigeni, imewekwa huko zamani kabla sijafungua biashara. Nilimwandikia msimamizi wa kundi mara tatu. Mara ya kwanza alinyamaza, mara ya pili akasema ni uhuru wa maoni, na mara ya tatu aliniondoa kwenye kundi. Wateja walipungua, na kila aliyekuja aliuliza kwanza habari za yule mtoto. Mpaka leo sijui ni nani, ingawa nina dhana yangu, na dhana yangu iko mtaa wa pili akiuza losheni kama yangu.

Kwa hiyo ninaposikia mwenye jukwaa akiuliza "mimi ninahusikaje?", moyo wangu unaniambia anahusika tangu siku ile alipoonyeshwa kwamba picha ni ya uongo. Sikutaka fidia. Nilitaka anipe nafasi ya kujibu palepale chini ya maneno yale, na amuulize mwandishi alinunua lini na wapi. Ndugu msimamizi, je, ulimpa huyu mwenye duka nafasi ya kueleza habari za betri yake kabla hujambandikia tahadhari?

WakiliKijiweni

Mama, shikamoo, na pole kwa yaliyokupata. Mfano wako ni mzuri kwa sababu unaonyesha mahali ambapo kinga ya maoni ya haki inakatika: msingi wake ni uongo, na mwandishi huenda ni mshindani wako kibiashara, jambo ambalo lingekuwa ushahidi wa nia mbaya. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamgusa pia anayesambaza taarifa akijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Binafsi sipendi jinai iingizwe kwenye ugomvi wa bidhaa. Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 2019 kwamba vifungu vya kashfa ya jinai vya Sheria yetu ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho ya 2023 yakaiondoa jinai hiyo. Lakini kifungu cha 16 kipo katika sheria nyingine.

Uingereza wana utaratibu unaofanana na ulichokiomba. Chini ya kifungu cha 5 cha Sheria yao ya Kashfa ya 2013 na kanuni zake, mwenye tovuti akipokea malalamiko anapewa saa 48 kuyafikisha kwa aliyeandika, naye mwandishi ana siku 5 za kujibu. Akinyamaza, maneno yanaondolewa. Akikataa yaondolewe, akatoa jina na anwani yake lakini hataki yapewe mlalamikaji, mwenye tovuti anabaki salama na mlalamikaji anakwenda mahakamani kumtafuta mwandishi. Tena kampuni ya biashara haiwezi kudai kashfa huko bila kuonyesha kwamba maneno yameisababishia, au yanaelekea kuisababishia, hasara kubwa ya fedha. Hapa kwetu hakuna kanuni ya namna hiyo, lakini hakuna anayemzuia mwenye jukwaa kuifuata kwa hiari, na hakimu atamtazama kwa jicho jingine mdaiwa aliyekuwa na utaratibu.

MsomajiMvita

Salaam kutoka Mombasa. Nitaongeza la upande wetu kwa ufupi, kwa kuwa msimamizi amesema ana wasomaji wa umeme wa jua na sidhani kama wote wako ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga.

Kenya kifungu cha 56 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 hakimtii mtoa huduma hatiani isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na taarifa, alijua, au alikusudia kwa ubaya, na si kwa kuzembea tu. Kashfa ya jinai ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu ilibatilishwa na Mahakama Kuu Februari 2017 katika shauri la Jacqueline Okuta. Na muda wa kufungua kesi ya madai ya kashfa kwetu ni miezi 12 tu, ilhali Tanzania, nikiwa nimeelewa vyema, ni miaka 3. Muuzaji wa Mombasa akilala mwaka mmoja, amekwisha.

Ningependa pia wakili msomi aligusie shauri la Hungary, maana nilipolisoma nililiona kama uzi huu wenyewe.

WakiliKijiweni

Umeelewa vyema kuhusu miaka 3.

Shauri unalolisema ni la MTE na Index.hu dhidi ya Hungary, lililoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya tarehe 2 Februari 2016. Tovuti mbili za matangazo ya nyumba ziliwapa wateja siku 30 za bure kisha zikawatoza fedha bila kuwaambia mapema. Habari hiyo ilipoandikwa mtandaoni, wasomaji wakatoa maoni, mengine ya matusi ya wazi. Kampuni hazikuomba maoni yaondolewe. Zilikwenda moja kwa moja mahakamani, na mahakama za Hungary zikawawajibisha wenye majukwaa. Mahakama ya Ulaya ikasema uhuru wa kujieleza umekiukwa. Sababu mbili zinatufaa hapa. Ya kwanza ni kwamba heshima ya kampuni ni ya kibiashara na hailingani na utu wa mwanadamu. Ya pili ni kwamba utaratibu wa kupokea malalamiko na kuondoa maneno ungetosha kuzilinda pande zote.

Msimamizi asishangilie mapema, kwa sababu miezi minane tu kabla, tarehe 16 Juni 2015, mahakama hiyohiyo iliibana tovuti ya Delfi ya Estonia kwa maoni ya wasomaji, nayo ililipa euro 320. Huko maneno yalikuwa ya chuki na vitisho dhidi ya mtu, si malalamiko dhidi ya bidhaa. Maamuzi haya hayaifungi Tanzania, lakini nikiwa wakili wako ningeyaweka kwenye hoja zangu. Yanapatana pia na mpangilio wa uzi wako: betri ni biashara, lakini "aliwahi kufungwa" na namba ya nyumbani vimemlenga mtu.

MsimamiziSola (mwanzisha uzi)

Nawashukuru wote, na hasa mama wa Arusha, ambaye swali lake limenikaa kichwani usiku kucha. Hapana, sikumuuliza mwenye duka.

Haya ndiyo niliyoyafanya tangu jana. Nimehifadhi nakala ya uzi mzima. Nimeiondoa namba ya simu na anwani, na nimeondoa jibu la kifungo baada ya kumwandikia aliyelitoa anionyeshe ushahidi naye akasema alisikia kwa fundi mmoja. Nimekirudisha kichwa cha mwanzo na kuubandua uzi kutoka juu ya ukurasa. Chapisho la mnunuzi nimeliacha kama lilivyo. Kisha nimemwandikia wakili wa muuzaji kumweleza hayo bila kukiri dai, nikamwambia mteja wake ana nafasi ya kujibu ndani ya uzi kwa jina lake, na kwamba taarifa za wachangiaji nitazitoa kwa amri halali tu.

Leo asubuhi wakili amejibu. Amelegeza suala la fedha na anasema watasitisha hatua iwapo nitaondoa picha ya mizani, kwa maelezo kwamba mizani ya mahindi haikuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Je, nikubali?

WakiliKijiweni

Barua iliyoanza na milioni 80 imefika kwenye mizani ya mahindi. Hapo umepata jibu la nusu ya wasiwasi wako.

Usiiondoe. Hiyo picha ndiyo msingi unaosimamisha maoni ya mnunuzi. Ukiitoa, utabakiza sentensi ya "haliaminiki" ikielea hewani, nao wakirudi na barua nyingine hutakuwa na cha kuwaonyesha. Kama mizani ina kasoro, waambie walete betri nyingine ya aina ileile kutoka stoo yao ipimwe kwenye mizani iliyohakikiwa, na matokeo yawekwe kwenye uzi huohuo, yawe mazuri kwao au mabaya. Kwa haki, unaweza kuongeza chini ya picha mstari mmoja unaosema muuzaji anapinga usahihi wa mizani hiyo.

Na mwambie mchangiaji wako asiitupe betri wala asiifungue. Aifikishe pamoja na risiti yake kwa Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, au TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa upande wa ubora. Matokeo yao yakija, ndipo mtakapojua kama neno "feki" linastahili kurudi kwenye kichwa.